Pasi isiyonyoosha: kutafuta omu na wati kwa namba mbili

Mama mshonaji wa hapa kwetu Walukuba, Jinja, Uganda, aliirudisha pasi yake kwangu mara ya tatu. "Fundi, yuniti za Yaka zinaisha na nguo hainyooki. Umenifanyia nini?" Yaka ni mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Mara mbili nilikuwa nimeifungua, nikaisafisha, nikaikuta koili, ule waya unaopasha joto, nzima. Safari hii sikugusa bisibisi. Nilichukua mita, nikamwita mpwa wangu anayejifunza kazi, tukamfuata nyumbani kwake saa moja jioni, wakati anapopiga pasi sare za wateja.

Hapo unahitaji namba mbili tu, volti (msukumo wa umeme) na ampea (wingi wa mkondo unaopita), zilizopimwa chombo kikiwa kazini. Nyingine, yaani ukinzani (jinsi chombo kinavyoubana mkondo) na nguvu, unazipata kwa kikokotoo cha simu:

ukinzani kwa omu = volti ÷ ampea
nguvu kwa wati = volti × ampea

Hiyo ya kwanza Mjerumani Georg Ohm aliichapisha mwaka 1827, na mpaka leo inatulisha sisi mafundi.

Kabla ya kupima, soma kibandiko ujue utegemee nini. Pasi ya mama imeandikwa volti 240, wati 1000. Gawa 1000 kwa 240, unapata ampea 4.17. Gawa 240 kwa hizo 4.17, unapata karibu omu 58. Basi hiyo ndiyo koili yenye afya.

Kupima volti ni rahisi: mita iweke kwenye volti za AC (umeme wa nyumbani), ncha moja kwenye laini (waya unaoleta umeme), nyingine kwenye nyutro (waya unaourudisha), vidole mbali na chuma. Ampea ndizo zenye kesi. Zamani, nikiwa mwanafunzi, niliweka mita kwenye ampea nikachomeka ncha zake moja kwa moja kwenye soketi, kama vile napima volti. Mlio wake bado naukumbuka, na vidole vilitoka vyeusi. Fanya hesabu utaona kwa nini: mita ikiwa kwenye ampea ni kama waya mtupu. Tuseme ina omu 0.1, 240 ÷ 0.1 ni ampea 2,400. Ampea hupimwa mkondo ukipita ndani ya mita kuelekea kwenye chombo. Soketi haipimwi ampea.

Siku hizi natumia mita ya klampu, ile yenye taya zinazokumbatia waya. Mpwa wangu aliibana kebo ya pasi, ikasoma sifuri. "Mjomba, pasi haivuti umeme." Nikamwambia asogeze mkono karibu na pasi, joto lipo. Kosa ni kwamba alikumbatia waya zote mbili pamoja. Mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana. Ndiyo maana nina kipande cha kebo ya majaribio, nimeivua ganda la nje kiasi cha shubiri moja, waya za ndani zikibaki na plastiki yake. Unabana waya wa laini peke yake. Na subiri taa ya pasi iwe inawaka, maana themostati, kile kidhibiti joto, ikikata utapima sifuri ya kweli.

Tulipata volti 180 na ampea 3.1.

180 ÷ 3.1 ni omu 58. Koili haina neno. 180 × 3.1 ni wati 558. Pasi ya wati 1000 ilikuwa inafanya kazi ya nusu na ushee! Mpwa wangu alishangaa: volti zimepungua robo tu, mbona nguvu imeanguka hivyo? Kwa sababu volti zikishuka, ampea nazo zinashuka, na wewe unazidisha vyote viwili. Robo tatu mara robo tatu. Taa ya pasi haikuzima jioni nzima, kwani haikufikia joto la kukata. Hapo ndipo yuniti zilipokuwa zinakwenda.

Mtaani tunatania kwamba bwawa la Nalubaale, lile la Owen Falls lililofunguliwa 1954, tunalo mlangoni na bado jioni umeme unatufikia umechoka. Lakini sikutaka kulaumu laini ya mtaani kabla ya kupima pale ukutani. Pasi ikiwa inawaka, soketi ya ukutani ilisoma 188. Volti nane zilikuwa zinapotelea kwenye eksitensheni: kebo nyembamba, ndefu, imezungushwa mviringo chini ya meza. Kanuni ni ile ile. 8 ÷ 3.1 ni omu 2.6 za kebo. 8 × 3.1 ni karibu wati 25, na zote zinaishia kwenye plastiki. Nilimshikisha mama ule mviringo. Ulikuwa vuguvugu.

Usipeleke hesabu hii kila mahali, lakini. Balbu ya nyuzi ya wati 60 inatoa omu 960 ikiwaka. Ipime ikiwa baridi utasoma omu sabini hivi, kwa sababu waya wake ukipata moto ukinzani unapanda sana. Friji na feni zina mota, volti mara ampea inakupa namba kubwa kuliko wati halisi. Na usiwahi kupima omu chombo kikiwa kwenye umeme, chomoa kwanza.

Asubuhi tulirudi na kebo fupi nene. Volti 236, ampea 4.07, wati 960. Taa ya pasi ilizima kabla sijamaliza chai. Mama sasa anapiga pasi asubuhi. Kebo yake ya zamani tumeiacha ichaji simu: chaja inavuta sehemu ndogo tu ya ampea, na hata kwa zile omu 2.6 haipotezi hata nusu volti.