Jinsi ya kukariri masomo fasta bila kukesha

Kusoma notsi mara kumi kumi ni kujichosha tu, unaona kama umeelewa kumbe macho ndo yamezoea karatasi. Tumia nyumba yako: kila unachotaka kukumbuka, kichwani kipe picha na uiweke sehemu fulani ya nyumba. Mfano kemia, unataka mpangilio wa metali kuanzia yenye nguvu zaidi ya kuungana na elementi nyingine: mlangoni weka potasiamu inawaka moto wa zambarau, kwenye kochi kuna lundo la chumvi hiyo ni sodiamu, juu ya tivii umeegemeza mfupa mkubwa ndo kalsiamu, halafu jikoni mwanga mweupe unaokuumiza macho, magnesiamu hiyo. Kwenye mtihani unatembea tu kichwani kutoka mlangoni mpaka jikoni. Picha iwe ya ajabu, hata ya kijinga, ndo inaganda.

Ila picha peke yake haitoshi, mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus alishaonyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni. Kwa hiyo funga daftari, andika unachokumbuka, ndo ufungue uone ulipokosea. Rudia kesho, kisha baada ya siku 3, halafu wiki. Somo la hesabu lakini usikariri, hapo fanya maswali tu.