Majani Yametoka, Mizizi Bado: Acheni Kuhamisha Vipandikizi vya Mashina Mapema

Kila msimu lalamiko la wanaootesha vipandikizi vya mashina, yaani matawi yaliyokatwa ili yaote mizizi na kuwa miche ya kubebeshea (kuunganishia) miti ya matunda, ni lile lile: "Bwana shamba, vilishika vizuri kabisa, vikatoa majani, halafu vikakauka vyote." Ukiuliza kilichofanyika kati ya majani na kukauka, jibu nalo halibadiliki. Vilihamishwa. Vilipoanza kupendeza machoni vikang'olewa na kutiwa kwenye viriba, au kivuli kikaondolewa, au vikamwagiwa mbolea ya kukuzia.

Havikuwa vimeshika. Tawi lililokatwa mti ukiwa umelala, yaani umepukutisha majani na haukui, lina wanga na maji ya kutosha kufumua macho yake (vichipukizi) bila uzi hata mmoja wa mzizi. Joto likipanda kidogo, majani hutoka ndani ya wiki mbili tatu. Huko chini mambo huenda polepole: kidonda cha mkato hujifunga kwanza kwa uvimbe mweupe (na uvimbe huo si mzizi, msinipigie simu kwa furaha), ndipo mizizi itoboe ganda. Mara nyingi hiyo ni wiki ya sita hadi ya nane. Mashina ya tofaa, hata aina ya MM.106 ambayo ina nafuu, huchelewa kuliko kwinsi (mti jamaa ya peasi) ya kubebeshea mapeasi au Myrobalan (aina ya plamu) ya kubebeshea plamu. Kwa kipindi chote hicho majani yanapoteza maji ambayo hakuna mzizi wa kuyarudisha. Ukikitikisa kipandikizi wakati huo, umekiua. Na kwa kuwa matawi yaliyolala hupatikana mara moja kwa mwaka, umepoteza mwaka.

Kwa hiyo kipandikizi kisiguswe kabla ya wiki 10. Zihesabu tangu siku ya kukichomeka, si tangu jani la kwanza, na tarehe iandikwe kwenye kibao pale pale tutani, maana kichwa husahau kinachotaka kusahau. Vilivyochomekwa kwenye tuta la nje ni heri vibaki hapo msimu mzima wa ukuaji, vihamishwe miti itakapopukutisha majani tena.

Kuna na huu mtindo wa kukivuta kipandikizi "kuona kama kimekamata". Uacheni. Mizizi michanga ni myeupe, inakatika kwa mguso mdogo, tena inakatikia pale pale inapotokea. Kwa kila vipandikizi 100, ongeza 5 pembezoni mwa tuta viwe vya ukaguzi tu. Wiki ya 10 ikifika, chimbua kimoja kwa koleo kutoka ubavuni, kiinue na udongo wake, kisha kisuuze kwenye ndoo ya maji. Unataka mizizi ya angalau sentimita 3 hadi 5 iliyotoka pande mbili au zaidi. Ukikuta mmoja tu umening'inia, fukia, ondoka, rudi baada ya wiki mbili ukague kingine.

Dawa yenyewe ni kuyachelewesha majani. Chini pawe na joto, juu pawe na ubaridi. Watafiti wa kituo cha utafiti wa matunda cha East Malling, Uingereza, walitengeneza masanduku yanayopasha kitako cha kipandikizi joto la nyuzi 20 hivi huku macho yakibaki kwenye hewa baridi. Asiye na umeme afunge mafungu na kuyafukia kichwa chini kwenye mchanga wenye unyevunyevu, vitako vikiwa upande wa juu, vimefunikwa na sentimita 5 hadi 8 za mchanga. Jua litapasha vitako, macho yataendelea kulala. Kidonda kikishafunga, fukua na uchomeke kwenye tuta, safari hii kichwa juu! Ili usichanganye kichwa na kitako, nasisitiza mkato wa chini uwe wa kunyooka, chini kidogo ya kifundo, na wa juu uwe wa mshazari, sentimita 1 juu ya jicho. Kilichochomekwa juu chini kinakufa.

Vipimo vingine: tawi la mwaka mmoja, unene wa milimita 6 hadi 10, urefu wa sentimita 20 hadi 25, theluthi mbili ardhini. Macho yakishavimba umechelewa, usikate. Homoni ya IBA (ya kuchochea mizizi) ya maji: gramu 2.5 kwa lita moja, chovya sentimita 1 hadi 2 za chini kwa sekunde 5, acha kimiminika kikauke, chomeka. Sekunde 5! Wapo wanaoloweka usiku kucha wakidhani nyingi ndiyo nzuri, kisha vitako vinakuwa vyeusi na lawama zinakuja kwangu. Ya unga isichovywe ndani ya kopo lake. Mimina kidogo pembeni, na kinachobaki usikirudishe.

Mashina ya maembe na parachichi msiyahangaikie kwa njia hii, pandeni mbegu.

Mizizi ikikamata, chipukizi huanza kurefuka upya na majani mapya huwa makubwa kuliko yale ya kwanza.

Hapo hamisha, jioni, mizizi ikiwa imefunikwa gunia bichi. Kivuli ukipunguze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Mbolea ya kukuzia isubiri hadi mche utoe majani mapya mahali pake pa sasa, na kisu cha kubebeshea kisubiri hadi shina lifikie unene wa penseli pale utakapobebesha, sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini.