Gari Linapoziba Njia ya Kitimwendo Mjini Tanga

Katika barabara za namba za Ngamiani, ambako maduka yamepakana na barabara, gari moja lililoegeshwa vibaya hutosha kumfungia mtu nje. Kitimwendo cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hivi, na mikono inayosukuma magurudumu huhitaji nafasi zaidi. Kwa hiyo njia iliyobakiza chini ya sentimita 90 ihesabiwe kuwa imezibwa, hata kama waendao kwa miguu wanapita kwa kujibanza. Pikipiki nayo isidharauliwe, kwani ikisimamishwa mwanzoni mwa njia ya mteremko, ekzosi yake yenye moto huwa usawa wa muundi wa mtu aliyeketi.

Kwanza muulize mwenye kitimwendo anataka asaidiwe vipi. Wapo wanaokimbilia kumnyanyua pamoja na kiti chake bila idhini, jambo ambalo ni la hatari na linamdhalilisha. Kisha mtafute dereva, ambaye mara nyingi yuko duka la jirani au kwenye kahawa. Msalimie, halafu mwoneshe mahali penyewe: "Samahani kaka, gari limekaa juu ya njia ya kiti, tusogezee mbele kidogo apite." Maneno hayo hufaa kuliko kelele, kwa kuwa wengi wao hawakuiona njia, walichokiona ni kivuli cha mwarobaini. Usitoe upepo kwenye tairi, maana kosa litageuka kuwa lako.

Dereva akikataa au asipopatikana, piga picha inayoonesha namba ya gari pamoja na njia iliyozibwa, andika saa, kisha mwite askari wa usalama barabarani. Jambo likijirudia, mwandikie mtendaji wa mtaa ukiambatisha picha hizo, na nakala uipeleke kwa kamati ya watu wenye ulemavu, ambayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka iwepo. Kwa bodaboda, zungumza na kiongozi wa kijiwe. Akikubali, vijana wake watakuwa walinzi wa njia hiyo.

Mwenye duka anaweza pia kuchora mistari ya njano, au kuomba idhini ya kuweka vizuizi vya zege nje ya mlango. Apime sentimita 90 kati ya kizuizi na kizuizi: nimeona mahali ambapo magari yalizuiwa kweli, na kitimwendo nacho kikakwama hapo hapo.