Mke Wako Akiwa na Vidonda vya Tumbo: Namna ya Kumuuguza Nyumbani

Mume ambaye mkewe anaugua vidonda vya tumbo ana kazi moja kubwa, nayo ni kuhakikisha dozi inakwisha. Chakula, dua na mapumziko vyote vinaisaidia kazi hiyo. Hapa Busia, Uganda, watu wengi huanza dawa, tumbo likitulia kidogo wanaziweka kabatini, na baada ya miezi wanarudi kliniki wakiwa wameshika tumbo lilelile. Mke wangu aliugua, akamaliza dozi, akapona. Naandika tuliyoyafanya.

Anza na kipimo, mjue chanzo cha kidonda. Mama watoto anauza mitumba, anainua marobota, mgongo unamsumbua, na diclofenac, dawa ya maumivu, inapatikana kila duka la dawa. Vidonge vya namna hiyo, pamoja na ibuprofen na aspirin, huudhoofisha utando unaolinda tumbo. Kwa hiyo mweleze daktari kila kidonge anachomeza, hata kile cha mgongo. Kama lazima atulize maumivu, parasetamo haina ukali huo kwa tumbo.

Sababu nyingine kubwa ni bakteria, Helicobacter pylori. Zamani hata madaktari walilaumu mawazo na pilipili. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio walioonyesha katika miaka ya 1980 kwamba bakteria huyu anahusika. Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984, akaumwa tumbo, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Nilimsimulia mke wangu habari hii makusudi, kwa sababu jirani alishaanza kumnong'oneza kwamba mwenzake wa sokoni amemroga. Mgonjwa akijua adui wake ni mdudu anayekufa kwa dawa, moyo unatulia, na hata ugomvi wa sokoni unaisha. Omba kipimo cha choo. Kile cha damu hutafuta kingamwili, nazo hubaki mwilini muda mrefu hata bakteria akishakwisha.

Dawa zenyewe ni nyingi kwa pamoja: antibayotiki mbili au zaidi, na ya kupunguza asidi kama omeprazole, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Hapo ndipo watu huchoka. Mdomo unakuwa mchungu kama umelamba sarafu, hamu ya chakula inapotea, kichefuchefu kinamjia. Usimwachie peke yake. Sisi tulichukua daftari la shule la mtoto, tukachora mistari: asubuhi, jioni, jina la dawa, alama. Daftari lilining'inia kwa uzi kwenye msumari karibu na jiko, kalamu imefungwa humohumo. Omeprazole anaimeza kama nusu saa kabla ya chai, wakati mimi nawasha sigiri. Dawa zikimshinda kabisa, mrudishe kwa daktari abadilishiwe, msipunguze wenyewe. Na kama nyumbani kwenu kuna pombe kama waragi au malwa, iondoke, kwa maana metronidazole, antibayotiki ambayo huwamo mara nyingi kwenye dozi hii, na pombe havikai pamoja. Sigara nayo huchelewesha kidonda kupona.

Kuhusu chakula, nitasema wazi: chakula peke yake hakimuui bakteria huyu. Kinachofanya ni kumpunguzia mgonjwa maumivu ili aweze kuendelea na dawa. Wala hakuna orodha moja ya watu wote. Katika daftari lilelile tuliandika alichokula na kama kilimchoma. Kwake yeye matoke ya kuchemsha, viazi vitamu, mboga ya dodo (mchicha), papai na samaki ngege (sato) wa Majanji aliyepikwa mchuzi mwepesi vilikubali. Kikomando cha jioni, chapati yenye mafuta na maharagwe, kilimkataa. Uji uliochachuka vivyo hivyo, na chai ya rangi nzito kabla ya kula kitu. Binyebwa, yaani mchuzi wa karanga, huwasumbua wengine; yeye aliila bila shida, na sikuona sababu ya kumnyima. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na chakula cha usiku kiwe saa mbili tatu kabla ya kulala.

Watu watakuambia maziwa ni dawa. Yanatuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa asidi zaidi. Kikombe kimoja pamoja na chakula si kosa, lakini usimlishe maziwa badala ya dawa.

Chakula chake pikia nyumba nzima. Mgonjwa akitengewa kisufuria chake pembeni, anajiona mzigo. Anayetaka pilipili aiweke kwenye sahani yake.

Mama mkwe wangu alikuja na mululuza, majani machungu ya kienyeji, uliochemshwa, mchungu hasa, kwa mapenzi ya mama kwa mwanawe. Usimkatalie mama wa watu kwa ukali. Nilimpokea kwa mikono miwili, nikamwambia, "Mama, daktari amesema tumalize kwanza hizi, tusichanganye." Akakubali, akahamia kazi ya kumenya matoke. Mzee akipewa kazi ndani ya matibabu, hapambani nayo.

Kuhusu imani: Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kutafuta tiba, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakushusha ugonjwa ila ameushushia dawa. Kwa hiyo sisi tulisoma dua pamoja kabla ya kila kidonge: Bismillahi, kisha dua fupi ya kuomba shifaa, kisha maji. Ukimsomea mkeo Qur'ani, kaa karibu, mshike mkono. Usiku tumbo linapomchoma ndipo anapokuhitaji zaidi, kwa maana hofu huja usiku. Niliamka naye, tukazungumza hadi likapoa.

Ramadhani ikimkuta anatibiwa, asijilazimishe. Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, inamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Wake zetu wengi huona haya kula mchana wakati watoto wamefunga. Mume ndiye wa kumtetea mbele ya wifi na majirani, na kumwandalia chakula cha mchana kwa mkono wake.

Kuna jambo usiloruhusiwa kulionea haya: muulize habari za choo. Choo cheusi cha kunata, kutapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, maumivu makali ya ghafla, au kuzimia, hayo ni ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Vidonge vya madini ya chuma pia hufanya choo kuwa cheusi, kwa hiyo taja kama anavitumia. Akikonda bila sababu au chakula kikikwama anapomeza, mwombe daktari ampeleke kwenye kipimo cha mpira wenye kamera, hospitali ya Mulago, Kampala, kinafanyika.

Dozi ikiisha, ngoja angalau wiki nne, ndipo arudie kipimo cha choo. Wiki mbili kabla ya kipimo, kwa ruhusa ya daktari, aache omeprazole, maana inaweza kuficha bakteria. Majibu yakiwa safi na daktari akikubali, aanze kulipa siku zake za funga. Hapa kwetu karibu na ikweta mchana hauna msimu wa kuwa mfupi, hivyo hakuna mwezi wa kusubiri. Mke wangu alichagua Alhamisi, akala daku ya matoke, na tumbo likimchoma anafungua.