Jinsi ya kupata kundi la kuacha pombe, Moshi na Arusha

Hatua ya 1: Hospitali kabla ya kundi

Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache pombe ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mtetemo, jasho na kukosa usingizi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne wapo wanaochanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua, na hakuna kundi linaloweza kuizuia. Moshi nenda KCMC au Mawenzi, Arusha nenda Mount Meru. Taja kiasi halisi: bia ngapi, konyagi kiasi gani, mbege lita ngapi, gongo ipo au haipo, na ulikunywa mara ya mwisho lini. Ukipunguza hesabu kwa aibu, daktari naye atakadiria dawa ya kutuliza pungufu.

Hatua ya 2: Tafuta kundi lililo hai

Ukiwa hapo hapo hospitali, ulizia kliniki ya afya ya akili na ofisi ya ustawi wa jamii. Baada ya hapo nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ofisi ya parokia au usharika, na nyumba za upataji nafuu, yaani soba hauzi. Kote uliza mambo yale yale: siku gani, saa ngapi, chumba kipi, nani hufungua mlango, na walikutana mara ya mwisho lini. Swali hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu orodha nyingi hubeba majina ya makundi yaliyokwisha kufa.

Ukikosa la karibu, yapo ya mtandaoni. Mkutano ulioandikwa 19:00 kwa saa za Nairobi ni saa 1 usiku kwetu. Wengi huupoteza mkutano wa kwanza hapo tu.

Hatua ya 3: Jua ni kundi la aina gani

AA (Alcoholics Anonymous), makundi ya wenye tatizo la pombe wanaosaidiana kuacha, ilianza mwaka 1935 Akron, Marekani. Haina ada. Kapu hupitishwa na anayetaka hutoa. Sharti la kujiunga ni moja, kutaka kuacha kunywa. Mkutano wa wazi huruhusu ndugu na wageni, wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Mke au mume ana kundi lake, Al-Anon, lililoanza 1951. AA humtaja Mungu, lakini kila mtu kama anavyomwelewa yeye, hivyo Mwislamu au asiye na dini ana nafasi. Kundi la kanisa linaweza kuanza na sala zake. Uliza mapema kama hilo linakuhusu.

Hatua ya 4: Pima saa na njia

Hapa ndipo makundi mengi mazuri hushindikana. Andika kwa wiki moja kiu inakukamata saa ngapi. Kama ni Ijumaa jioni ukitoka kazini, kundi la Jumanne asubuhi halitakusaidia sana hata likisifiwa namna gani. Kisha tembea njia yenyewe: kati ya kituo cha hiace na ukumbi kuna vilabu vingapi? Kama unaishi Usa River au Machame, ulizia gari la mwisho la kurudi, maana bodaboda ya usiku kila wiki itakula nauli, na wiki ya tatu utabaki nyumbani.

Wapo wa Moshi wanaokwenda Arusha, au kinyume chake, ili wasionekane. Ni kilomita kama 80. Kwa mkutano wa kwanza sawa, lakini kwa kila wiki hutadumu.

Hatua ya 5: Hudhuria mara nne ndipo uamue

Fika dakika 10 kabla. Jina la kwanza latosha, na unaweza kusema, “Leo nasikiliza tu.” Angalia kama wamo waliokaa zaidi ya mwaka bila kunywa, na kama aliyeanguka akirudi hupokelewa bila kusutwa. Mtu mmoja akihutubia saa nzima kila wiki, hayo ni mahubiri.

Ondoka siku hiyo hiyo wakipiga picha za wanachama bila ridhaa, wakikuambia uache dawa za hospitali, au wakiuza dawa ya kumwekea mlevi kwenye chai bila yeye kujua. Disulfiram, kwa mfano, ikikutana na pombe huleta kutapika, moyo kwenda mbio na presha kushuka. Hutolewa na daktari, kwa mtu anayejua anameza nini.

Hatua ya 6: Jiandae kwa Desemba

Chukua namba za simu za watu watatu, mmoja wao awe amekaa muda mrefu bila kunywa. Mapema Novemba uliza kama kundi litakutana tarehe 24 hadi 26 na 31 Desemba. Uchagani kipindi hicho kata ya mbege inazunguka kila boma, na wenye ufunguo wa ukumbi nao wamekwenda kwao. Likifungwa, panga simu ya saa maalumu na mmoja wa wale watatu. Mzee akikukaribisha kata, “Shikamoo mzee, niko kwenye dozi” humaliza mjadala haraka kuliko maelezo marefu.