Kupiga Picha kwa Filamu katika Soko Kuu la Arusha

Ukiingia Soko Kuu la Arusha na kamera yenye filamu ya picha 36 tu, msalimu muuzaji na umwombe ruhusa kabla ya kuinua kamera, kwa maana uso wa mtu si mali ya mpiga picha.

Kwa filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga), jua likiwa kali weka tundu la lenzi f/16, yaani tundu dogo, na kasi ya kufunga ya 1/500 ya sekunde. Chini ya maturubai, ambako mwanga hupungua sana, pima mwanga kivulini penyewe kisha ufungue tundu hadi f/4, kwani filamu hasi, yaani ile ambayo penye mwanga huonekana peusi, huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Mimi hupendelea asubuhi, vivuli vinapokuwa virefu.

Usifungue kamera kabla ya kuirudisha filamu yote mkebeni.