Somo: Kuonja wiski ya kimea yenye nguvu ya pipa

Swali ni lilelile kila wiki: "Nimeletewa chupa ya 58%, inaunguza koo, naichanganya na nini?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Tunaongelea wiski ya kimea cha shayiri, ya kiwanda kimoja cha Uskoti, iliyolala kwenye pipa la mwaloni (sheria inataka miaka isiyopungua 3) na kutiwa chupani bila kuzimuliwa, au ikizimuliwa kidogo mno. Lebo itakuambia Cask Strength. Aberlour A'bunadh ni mfano mzuri.

1. Glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Ya mvinyo inafaa, ya toti haifai.

2. Mimina mililita 30. Iache dakika 10.

3. Rangi itazame tu, usiitolee hukumu. Uskoti wanaruhusu kutia rangi ya karameli, kwa hiyo weusi si ushahidi wa umri.

4. Kunusa: anzia kidevuni, mdomo wazi kidogo, pandisha taratibu. Ikichoma, shusha. Usiizungushe kama mvinyo, mvuke utakupiga pua ganzi.

5. Onja kavu, nusu kijiko cha chai. Funda la kwanza litachoma na halihesabiki. Rudia kiasi kilekile, tembeza ulimini sekunde 10, meza.

6. Maji. Hapa ndipo watu wanapoharibu kinywaji cha bei mbaya. Baada ya mafunda mawili umebakiwa na kama mililita 25. Ikiwa ilikuwa 58%, mililita 3 za maji zinaishusha hadi karibu 52%; 3 nyingine, karibu 47%. Anayemimina kwa macho hufikisha 12 bila kujua, na hapo yuko 39%, chini ya kiwango ambacho Uskoti inakubali kitu kiitwe wiski! Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, la dukani kwa dawa. Kila ukitia, subiri dakika 2, nusa, onja, ndipo uamue kuongeza. Maji ya bomba yenye klorini yanaua harufu, ya baridi yanaifunga. Na ukizidisha, hakuna kurudi nyuma.

7. Ukimaliza usioshe glasi. Inuse kesho yake asubuhi: kilevi kimeondoka, pipa limebaki.

MASWALI

Chaliwangu: Kwa hiyo Coke inaruhusiwa au vipi?
Jibu: Chupa ni yako. Somo ni la kuonja.

Bin_Kombo: Wajuzi wanasema wiski nzuri haitiwi maji kabisa.
Jibu: Wajuzi gani? Wanaochanganya wiski viwandani hunusa sampuli zilizozimuliwa hadi karibu 20%. Hatua ya 5 umeiruka. Kavu unaonja kwanza.

Nuru: Maji yanabadilisha nini hasa, zaidi ya kupunguza ukali?
Jibu: Swali zuri, dada. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walitumia kielelezo cha kompyuta kufuatilia gwayakoli, kemikali yenye harufu ya moshi. Kilevi kikizidi, molekuli za gwayakoli zinazingirwa nacho na kubaki ndani ya kinywaji. Ukizimua hadi karibu 45% au chini, zinapanda juu, karibu na pua yako. Jaribu kwa Laphroaig, wiski ya Uskoti yenye moshi mwingi, utaona.

Mzee Kobe: Yangu imeingia ukungu nilipotia maji. Feki?
Jibu: Ukungu peke yake si dalili ya feki. Haikuchujwa kwa baridi, hivyo mafuta yake yapo. Kilevi kikishuka chini ya 46% hivi yanajitokeza. Kunywa.

Nuru: Na hapa Dar chumba kikiwa nyuzi 31?
Jibu: Joto linarusha kilevi haraka, utanusa ukali mtupu. Weka chupa kwenye friji mpaka iwe baridi ya wastani, lenga nyuzi 20. Barafu hapana, inazimua bila kipimo.

Bin_Kombo: Chupa naihifadhi imelala, kama mvinyo?
Jibu: Isimamishe! Kilevi kikali kinakula kizibo. Na ikibaki robo, hamishia kwenye chupa ndogo ili hewa isiipoozeshe.